Dodoma–Dar kwa Ndege ni "Saa Moja Tu"? Soma Kabla Hujakata Tiketi

Kuna mdogo wangu mmoja wa Nzuguni kaniandikia: "Dada, ndege yangu ya Dubai inaondoka Dar saa kumi jioni. Nimeona Dodoma–Dar ni kama kilomita 390 tu. Nikiruka saa saba mchana si nawahi?"

Usijaribu, mdogo wangu.

Hizo kilomita ni za kweli, ila ni za mstari ulionyooka kutoka uwanja mpaka uwanja. Barabara ya kupitia Morogoro inakaribia 450. Ndege ya mapangaboi kama Dash 8 Q400 ikishatulia angani inapita kilomita 600 kwa saa. Ukigawanya, unapata dakika arobaini, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ndege inatembea kwanza chini, inapanda, inaanza kushuka mapema, na Dar kukiwa na foleni ya kutua inazungushwa. Ndiyo maana ratiba huandika saa moja na kitu. Mimi nikishagawanya naongeza nusu saa, na mara nyingi inalingana na tiketi.

Mwaka jana tulikuwa tunakwenda China kufuata mzigo, mimi na wenzangu wa sokoni. Nikasema natangulia siku moja kabla kwa treni ya SGR, nilale kwa shangazi Gongo la Mboto. Walinicheka mpaka kwenye grupu. "Mshamba wa treni." Sawa. Mshamba akafika, akala ugali wa shangazi, akalala.

Kesho yake ndege yao ya kutoka Dodoma ikachelewa. Ilipotua wakangoja mabegi Jengo la Pili, la safari za ndani, wakakimbilia Jengo la Tatu, la safari za nje, kaunta imefungwa. Mimi nimeshagongewa muhuri uhamiaji, simu inaita, ni mmoja wao: "Dada, ongea nao watusubiri!" Niongee na nani, rubani? Nyuma yake namsikia mwenzake anagombana na mtu kuhusu toroli. Tiketi zao zilikuwa mbili mbalimbali, ya ndani kivyake na ya nje kivyake, kwa hiyo shirika la pili halikuwa na habari na ucheleweshaji wa la kwanza. Wakanunua upya. Na mpaka leo wananiambia nilikuwa na bahati. Bahati!

Sisi wa Dodoma uwanja kuwa mjini umetudekeza. Unatoka Area C kwa bodaboda, dakika chache uko mlangoni, basi unadhani safari nzima itakwenda hivyo. Mtu mwenye malengo hapangi safari kwa dakika za hewani. Anapanga kwa muda wa kaunta, na kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka.

Sasa pigia hesabu yako: uruke saa saba, utue saa nane na robo, ungoje begi, uhamie Jengo la Tatu, na saa tisa kaunta inafungwa. Ndege ikichelewa nusu saa tu, umeachwa. Chukua ndege ya asubuhi, au treni ya jana yake. Ukipata tiketi moja inayobeba safari zote mbili, lipa hata ikizidi kidogo, maana ndege ya kwanza ikikuchelewesha watakutafutia nyingine. Na kama ni Ijumaa Bunge likiwa linakaa, kata mapema, viti vinaisha.