Meneja anatulazimisha kujitoa kwenye chama cha wafanyakazi: tufanye nini?

Ndugu, nimeelewa kwamba wengi wenu kiwandani mmejiunga na chama, ila meneja hataki kujadiliana na sasa anamtaka kila mmoja asaini barua ya kujitoa. Msisaini.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, chama kilichosajiliwa kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi kikimkabidhi mwajiri fomu ya kuomba kutambuliwa kama mwakilishi wao katika majadiliano, anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30; akikaidi, chama kiupeleke mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Tunzeni nakala ya fomu hiyo yenye mhuri wa mapokezi, maana waajiri wa namna hii hupenda kudai kwamba hawakupokea kitu. Atakayeachishwa kazi kwa uanachama wake afungue mgogoro kwenye Tume hiyo ndani ya siku 30, akimshirikisha mapema mwanasheria wa chama.