Mwalimu Ajibu: Umeme wa Maji na Gesi ya Bwawani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumezoea kuambiwa umeme wa maji ni safi kwa kuwa hauchomi mafuta wala makaa. Sasa nasikia mabwawa ya nchi za joto hutoa gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto hewani. Maji yatatoaje moshi?

JIBU: Marahaba. Moshi hakuna, gesi ipo. Bonde likifurika, msitu na udongo wenye mboji huzama na kuanza kuoza. Katika nchi za joto maji ya juu hubaki vuguvugu na mepesi, ya chini yakawa baridi na mazito, na hayo mawili hayachanganyiki kwa urahisi. Oksijeni ikiisha huko chini, vijidudu vya topeni huzalisha methani, ambayo ni mojawapo ya gesijoto hizo. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko tani ya hewa ukaa.

Wengi hutazama tu mapovu ya methani yanayopanda juu ya ziwa la bwawa. Mimi nakusihi utazame pia mitambo. Mara nyingi maji ya kufua umeme huchotwa kina kirefu, yakiwa yamebanwa na kujaa methani. Yakitokea upande wa pili mgandamizo hushuka ghafla, na gesi hutoka kama soda iliyofunguliwa. Anayepima gesi kwenye uso wa ziwa tu huikosa hiyo yote.

Tena, usidhani miti ya zamani ikishaoza basi yamekwisha. Kiangazi maji hupungua, majani mabichi huota kwenye tope la kingoni, kisha maji hurudi kuyafunika. Kila mwaka chakula kipya cha vijidudu!

Lakini mabwawa hayalingani, na hapa ndipo ninapokerwa na wanaoyasifu au kuyalaani yote kwa pamoja. Balbina, katika Amazon ya Brazili, lilianza kujazwa 1987 na kuzamisha zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za msitu kwa megawati 250 tu za umeme. Itaipu, mpakani mwa Brazili na Paraguai, lina kilomita za mraba 1,350 hivi na megawati 14,000. Ukisikia bwawa jipya linapangwa, uliza kwanza: litazamisha eneo gani, kwa megawati ngapi? Kisha uliza maji yatachotwa kina gani, na miti itaondolewa kabla ya kufurisha bonde au itaachwa humo.