Kufilisika pekee hakukufuti kazi

Pole sana dada. Umeuliza kama mwajiri wako hapo Nairobi anaweza kukufuta kazi mahakama ikitangaza kwamba umefilisika. Kwa sababu hiyo tu, hapana. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka awe na sababu halali na aweze kuithibitisha. Tena akidai umekosea kazini, kifungu cha 41 kinamlazimu akueleze kosa na akusikilize, mwenzako wa kazini akiwepo ukitaka, kabla ya kukuachisha.

Ila soma mkataba wako kwanza, neno kwa neno. Umesema unashika pesa za chama cha akiba na mikopo, na mikataba ya kazi kama hizo huweza kuwa na kipengele kuhusu madeni ya mfanyakazi. Hapo ndipo mimi ningeogopa. Ukurugenzi wa kampuni nao usahau kwa sasa, labda mahakama ikuruhusu. Ubunge pia, ingawa sidhani hilo linakukosesha usingizi.

Kuhusu mshahara, makato yote kwa jumla hayafai kupita theluthi mbili. Ukiona unabakiziwa chini ya theluthi moja, lalamika kwa maandishi na ubaki na nakala.