Chaneli ya michezo ya vyuo: lipia mwezi, usilipie mwaka

Mpwa wangu anayesoma chuo Kampala alinipigia simu juzi usiku. "Mjomba, kuna kifurushi kipya, kina chaneli ya michezo ya vyuo, mchana na usiku. Iweke kibandani, utanishukuru." Nikamwambia nitamjibu. Baadaye nikaona jibu lenyewe ni refu kuliko salio lake, na si yeye peke yake anayeuliza. Basi naliweka hapa.

Mimi nina kibanda cha kuonyesha mpira Mutukula, upande wa Uganda, huu mwaka wa kumi na mbili. Mabenchi 14, skrini mbili, jenereta moja lenye kiburi, na ving'amuzi vitatu. Wageni huuliza vitatu vya nini. Ligi kuu yetu ya Uganda nimeifuata kama mtu anayefuata ng'ombe mtoro: ilikuwa SuperSport, ikahamia Azam, ikahamia StarTimes, na kila ilipohama mimi nilitoa pesa mfukoni. Cha Azam sikukiondoa, kwa sababu hapa malori ya Tanzania hulala yakisubiri karatasi, na dereva wa Tanzania ukimnyima Simba na Yanga anakuona mchawi. Kwa hiyo mtu akiniambia "chaneli mpya", kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni waya mwingine ukutani.

Watu wengi wanadhani michezo ya vyuo kwenye televisheni haiwezi kushindwa, kwa kuwa wameona picha za Marekani. Na kweli, kule chuo kimoja tu, Michigan, kina uwanja unaoingiza watu zaidi ya 107,000. Lakini tazama yaliyowapata wenye chaneli huko huko. Mwaka 2003 ilianzishwa CSTV, ya michezo ya vyuo tupu. Ikanunuliwa na CBS, kampuni kubwa ya televisheni kule, jina likabadilishwa, likabadilishwa tena, na kufikia 2011 neno "chuo" lilikuwa limeshafutwa kwenye jina. Mwaka huo huo 2011 Chuo Kikuu cha Texas na ESPN, wakubwa wa televisheni ya michezo, wakafungua chaneli ya chuo hicho kimoja, mkataba wa miaka 20, dola milioni 300. Nyumba nyingi za Texas kwenyewe hazikuiona mwanzoni, maana makampuni ya kebo yaligoma kuibeba. Mwaka 2024 ikafungwa, miaka 20 haijatimia. Ile ya vyuo vya magharibi, Pac-12, ilifunguliwa 2012 na ikafa 2024 bila kuwahi kuelewana na DirecTV, kampuni kubwa ya televisheni ya dishi kule. Wakati huo huo chaneli za ligi nyingine mbili za vyuo, ya Big Ten ya 2007 na ya SEC ya 2014, zinadunda mpaka leo. Michezo ni ile ile, vijana ni wale wale. Zilizobaki zina mechi ambazo watu watapigana na kampuni ya kebo wakizikosa, na zinapatikana kwenye king'amuzi ambacho mtu tayari anacho. Hilo la pili ndilo lililoniuma mimi.

Nilianza vibaya. Mwaka 2022 wakala mmoja, jina la kampuni yake nitalimeza, alikuja kibandani na karatasi yenye rangi nzuri, akanionyesha chaneli za michezo ya vyuo vya Marekani zimepangwa kwa mstari. Nikalipa miezi mitatu kwa mkupuo ili nipate punguzo. Wiki ya kwanza zote zilionekana. Wiki ya pili skrini ikaandika kwamba kifurushi changu hakihusiki. Kumbe ile wiki ilikuwa ya kuonjeshwa, na chaneli nilizotaka zimo kifurushi cha juu yake. Nikampigia wakala, simu inaita mpaka inachoka. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nimelibeba mwenyewe kwa furaha.

Nikaongeza pesa. Ndiyo, niliongeza, usinicheke, mwenye kibanda ana tabia za mcheza kamari. Nikawa naiacha chaneli ile wazi mchana, wakati hakuna wateja ila vijana wa kubadilisha fedha wanaokimbia jua. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho karatasi ya wakala haikusema: chaneli ya saa 24 haina michezo ya saa 24. Jumanne moja niliona pambano lile lile la mieleka ya vyuo mara nne. Mara ya nne kijana mmoja alikuwa anatutangazia kila mbinu kabla haijafanyika, mwenzake akaweka dau dhidi yake, akaliwa.

Na kuna suala la saa. Marekani ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wao wamesogeza saa mbele, na saa nane miezi mingine. Mechi inayoanza adhuhuri kwao Jumamosi ya Septemba, kwetu ni saa moja jioni, sawa kabisa, isipokuwa ndiyo saa ya mpira wa Ulaya. Mechi yao kubwa ya usiku inatukuta tunakoroma. Kwa hiyo ile inayokuja kwa saa nzuri inagongana na Arsenal, na ile isiyogongana na Arsenal inagongana na usingizi.

Sasa usidhani naisema tu vibaya. Ngoja nikueleze Machi 2023.

Ligi za Ulaya zilikuwa zimesimama kupisha timu za taifa. Ijumaa ya tarehe 24 Tanzania ilitufunga 1-0 kule Ismailia, Misri, mechi ambayo kwa hesabu sisi ndio tulikuwa wenyeji, ila hatukuwa na uwanja unaokubalika. Kwa hiyo Jumapili madereva wa Tanzania walikuwa bado wametamba kibandani, wamemaliza tarawehe, wanakunywa chai kwa mdomo wa ushindi. Mimi sina mpira wa kuonyesha. Nikafungua chaneli ya Marekani: robo fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo, San Diego State na Creighton.

"Bosi, hii nini?" akauliza dereva mmoja. Nikamwambia yule namba 24 wa Creighton, Arthur Kaluma, amechezea Uganda. Na yule Adam Seiko wa San Diego State, naye amechezea Uganda. Kimya. Akageuza benchi. "Yaani hawa ni Waganda, wanafukuzana wenyewe kwa wenyewe huko Marekani?" Ndiyo. Basi kibanda kikagawanyika. Watanzania wote wakaenda Creighton kwa sababu jina la Kaluma liliwakaa mdomoni, Waganda tukabaki na Seiko kwa ubishi tu. Watu 23, nikawatoza 500 kila mmoja. Mechi ikaenda sawa kwa sawa mpaka sekunde moja na kitu, San Diego wakapata mitupo huru miwili. Wa kwanza ukagoma. Wa pili ukaingia. 57-56. Sijawahi kuona watu wasiojua sheria za kikapu wakishangilia namna ile. Mmoja aliuliza baadaye kama kuna marudiano.

Tena timu ya Seiko ikashinda nusu fainali kwa pointi moja, mpira wa mwisho kabisa. Fainali na UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alfajiri ya Jumanne kwa saa zetu, tarehe 4 Aprili. Siku nyingine ningelala. Lakini ilikuwa Ramadhani, watu wameamka kula daku. Nikafungua kibanda, mke wangu akaleta uji na mihogo, tukala macho yakiwa kwenye skrini. Adhana ya alfajiri ikatukuta tunalaumu kocha, na mwishowe walifungwa 76-59.

Hesabu ya pesa sasa, maana ushauri bila hesabu ni porojo. Usiku ule wa robo fainali niliingiza 11,500. Jumapili ya kawaida ya Ulaya naingiza 70,000 au 80,000. Toa umeme wa Yaka, ile mita ya kulipia kabla, toa kijana wa mlangoni, toa kifurushi: chaneli ya vyuo haijawahi hata mara moja kujilipia kwa mwezi mzima. Ililipa usiku mmoja, kwa sababu majina mawili ya kwetu yalikuwa uwanjani na Ulaya ilikuwa imelala.

Upande wa vyuo vyetu hapa Uganda mambo ni mengine. Mashabiki wapo. Nenda mechi ya ligi ya vyuo vikuu iwe Makerere, iwe Nkozi, uone wanafunzi walivyozunguka uwanja mpaka mwamuzi msaidizi hana pa kukimbilia. Na vipaji vipo: mwaka 2018 ubingwa wa dunia wa netiboli ya vyuo vikuu ulichezwa Kampala, na kombe likabaki hapa hapa. Mimi, mtu mwenye skrini mbili na ving'amuzi vitatu, habari hiyo niliipata redioni. Kwa hiyo ukiniuliza kama tunahitaji chaneli ya michezo ya vyuo vyetu, nitasema tunaihitaji jana. Ukiniuliza kama uilipie leo, nitakuuliza kamera ni ngapi.

Nasema hivyo kwa sababu ya Mama Kipa. Huyu ni mama anayeuza samaki karibu na geti la forodha, mwanawe ni golikipa wa timu ya chuo kimoja. Mwaka jana mpwa wangu alinitumia kiungo cha mechi yao mtandaoni, nikaunganisha simu na skrini kubwa kwa bando langu. Mama akaja amevaa gauni la Idi, akalipa 1,000, akakaa benchi la mbele na ndugu zake wawili.

Kamera ilikuwa moja. Imesimama katikati ya uwanja, pengine juu ya meza, inafuata mpira. Timu ya mwanawe ilikuwa nzuri siku hiyo, ikashambulia karibu muda wote, kwa hiyo kipa haonekani. Dakika thelathini Mama anaona migongo ya wapinzani na tawi la mfenesi. Mtangazaji hajui majina, anasema "kijana mwenye bukta ya bluu", na wote wana bukta za bluu. Picha ikaganda mara mbili. Mara ya pili ilipozinduka, wapinzani walikuwa wanashangilia bao. Yaani mwanawe alionekana mara moja tu, akiokota mpira wavuni. Mama akasimama mbele ya skrini, akanigeukia: "Wewe, hii pesa yangu nusu irudi. Mtoto nimeonyeshwa nusu."

Bando nililotumia siku ile lilikuwa 10,000. Watu walikuwa tisa.

Kwa hiyo mpwa wangu, na wengine mnaouliza, nendeni hivi. Kabla hujatoa shilingi, omba ratiba ya wiki mbili, si orodha ya chaneli. Hesabu mechi za moja kwa moja, ruka marudio yote na vipindi vya watu wanne mezani. Zinazobaki zipange kwa saa zetu. Zilizo usiku wa manane zifute, labda uwe mlinzi. Kisha jiulize kama unamjua yeyote humo. Mwanao, jirani, kijana wa kijiji chenu aliyeenda Marekani kwa kikapu, chuo ulichosoma. Kama yupo, lipia, na wala usimsikilize mtu kama mimi. Kama hayupo, lipia mwezi wa Machi peke yake, ule mtoano wa kikapu unatosha, halafu rudi kifurushi chako cha kawaida. Usilipie miezi mitatu kwa ajili ya punguzo. Na hakikisha chaneli imo ndani ya kifurushi unacholipia wewe, si kile anachokionyesha wakala kwenye simu yake.

Wenye vibanda wenzangu, mnajua na mimi najua kwamba kifurushi cha nyumbani si cha biashara. Ulizia bei ya biashara kabla hujapiga hesabu zako. Ikishaingia hiyo, michezo ya vyuo itakuwa pambo tu la siku ambayo Ulaya imesimama.

Na ninyi vijana wa vyuo mnaotaka kuanzisha chaneli yenu, maana mpwa wangu nahisi ndiko anakozunguka, anzeni na kamera ya pili nyuma ya goli na karatasi ya majina kwa mtangazaji. Mama Kipa akipita hapa na beseni lake bado ananyoosha kiganja. Ananidai 500.