Kumwomba bosi wa zamani awe mdhamini wako kwenye CV

Dogo umeuliza kama unaweza kuandika tu jina na namba ya bosi wako wa zamani kwenye CV kama mdhamini, yaani mtu wa kupigiwa aulizwe habari zako, bila kumwambia, maana hamjaongea siku nyingi na unaona aibu kumtafuta. Usiandike, mtafute kwanza.

Mi nasimamia stoo ya dawa hapa Dar, vijana wa field na wa kujitolea wanapita sana kwangu, kwa hiyo simu za kuulizia watu nazipata. Kuna moja ilinikuta ndani ya daladala ya Mbagala, dada wa HR ananiuliza fulani alikuwa anafanya kazi gani hasa na kwa nini aliondoka, jina nalikumbuka kwa mbali, kaomba kazi gani sijui, konda anapiga kelele, nikaishia kusema "alikuwa kijana mzuri tu". Jibu kama hilo halimsaidii mtu, na yule dogo kazi alikuwa anaijua kweli, iliniuma sana.

Mwingine akanitumia WhatsApp: "Shikamoo bosi, ni mimi niliyekuwa field kwako mwaka ule mlipoanza mfumo mpya wa stoo. Naomba kazi ya msaidizi wa stoo hospitali, naomba nikuweke kama mdhamini wangu. Kama haitawezekana usijali bosi, nitaelewa." Chini kaweka CV yake na tangazo lenyewe, na kanikumbusha kwamba yeye ndo alikuwa anahamishia mbele dawa zinazokaribia kuisha muda ili zitoke kwanza. Waliponipigia nilikuwa na cha kusema, niliwaelezea mpaka anavyosoma tarehe boksi kwa boksi bila kusimamiwa.

Hayo maneno ya "kama haitawezekana" usiyaache kabisa. Mtu ambaye hana zuri la kukusemea, ukimbana atakubali kwa aibu tu, si unajua tulivyo, halafu akipigiwa anajibu kwa mkato na wewe ndo unaumia. Akianza kukuzungusha, mara tutaongea mara nikumbushe wiki ijayo, ujue hataki, tafuta mwingine wala usimnunie.

Kwa kazi za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa yanataka wadhamini watatu wa kuaminika. Hapo watu wanajaza mjomba kisa ana cheo. Akiulizwa ulikuwa unafika kazini saa ngapi atasema nini? Weka aliyekuona ukifanya kazi, msimamizi wako wa field, mwalimu aliyekusimamia chuoni, na hakikisha namba zinapatikana maana watu wanabadilisha laini kila siku.

Kama uliondoka vibaya si lazima awe bosi mkubwa, hata msimamizi wa zamu anatosha. Na kama ulikuwa umeajiriwa kabisa, dai cheti cha utumishi, yaani karatasi ya kuthibitisha ulifanya kazi pale, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe hicho cheti ajira ikiisha, hiyo sio hisani yake. Kiambatishe.

Ukiitwa usaili wajulishe wadhamini wako siku hiyohiyo wakae mkao wa kupokea namba ngeni. Na majibu yakitoka waambie, hata kama umekosa, maana mtu akishakusemea na yeye anasubiri kujua umepata au vipi.