Anayemlisha mfanyakazi ni nani?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, ni halali sisi kufurahia bei nafuu ikiwa anayetengeneza bidhaa analipwa kidogo? Nililisoma usiku baada ya kufunga duka, na usingizi ukanipotea. Naona mmewatazama mnunuzi na tajiri mwenye kiwanda tu. Kuna mtu wa tatu, na huyo ndiye anayeniuma: aliyeko kijijini anayemlisha mfanyakazi.

Duka langu liko Walukuba, hapa Jinja, Uganda. Mnaoujua mtaa huu mnajua ulijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, zama za bwawa la umeme la Owen Falls. Enzi zile mshahara ulipigiwa hesabu kana kwamba mwanamume hana mke wala mtoto, maana tajiri alijua mke yuko shambani analima. Uhuru ulipatikana, hesabu ile ikabaki.

Nyuma ya duka alipanga kijana wa Nebbi, kaskazini-magharibi mwa nchi, kibarua katika kiwanda kimoja cha samaki. Kazi yake ilikuwa kuchuna minofu ya sangara. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa na mifupa tunauziwa sisi, ndiyo mgongo wazi tunaoupika hapa mtaani. Alisimama kutwa kwenye baridi na maji, gambuti miguuni, jioni vidole vyeupe vimekunjamana kama vya maiti. Akipita kwangu ni nusu kilo ya unga wa posho, yaani wa mahindi, kipande cha sabuni, mafuta ya kupima. "Mama, andika." Nami naandika. Siku ya malipo akilipa deni langu na kodi ya chumba, hana kitu.

Siku moja akaja na gunia begani. Mama yake alilipakia kwenye basi hadi Kampala, yeye akalifuata huko. Alilifungulia barazani kwangu: unga wa muhogo, simsim (ufuta) kwenye kopo la plastiki, karanga, maharagwe ndani ya kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, na jogoo aliyefungwa miguu, yu hai bado. Nilimuuliza nauli ya gunia amelipa nani. "Mama ameuza simsim." Nikanyamaza. Mtu mzima, ana kazi, samaki anaowachuna wanauzwa kwa dola, na bibi kizee wa Nebbi anauza simsim yake ili mwanawe aweze kuamka kesho aende kiwandani. Alinipimia karanga kikombe kizima, nikakataa, akasema mama yake atakasirika akisikia. Nilizichukua. Jogoo tulimla Jumapili, majirani wote wa ule mstari.

Basi niulizeni nani anafaidi bei nafuu. Mimi naona mama yule alikuwa anakilipia kiwanda sehemu ya mshahara, bila kujua na bila kushukuriwa.

Sheria ipo, ndiyo. Kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Fedha hiyo leo dukani kwangu hainunui kilo mbili za sukari. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais hakuutia sahihi. Ipo pia kanuni kwamba kibarua asizidi miezi minne bila kupewa mkataba. Kijana wetu alisimamishwa kabla ya muda huo kutimia, akaambiwa apumzike, kisha akaitwa upya kama mgeni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kiwanda kisichoweza kulipa mtu akashiba kifungwe. Sasa nasita. Walukuba tumeshaona viwanda vikifungwa, na hakuna aliyeshiba kwa hilo. Tena nina binti anayenisaidia kuuza. Anakula na kulala kwangu, na ninachompa mwisho wa mwezi si kingi. Kima kimoja kwa muuza unga na kwa anayesafirisha minofu Ulaya kitaliua duka kabla ya kumgusa mwenye kiwanda. Waanze na wanaouza nje, ambao vitabu vyao vinakaguliwa. Sisi wadogo tufuatie taratibu, lakini tufuatie kweli.

Kwa hiyo, ni halali? Kwangu si halali. Hata hivyo mpwa wangu yuko Tororo, amemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, hana kazi, na ameomba nimtafutie nafasi kiwandani hapohapo. Nitamwambia aje. Atalala kwangu bila kodi, atakula kwangu, na najua wazi kwamba hapo mimi ndiye nitakayekuwa nakijazia kiwanda mshahara. Sharti ni moja: ikikaribia miezi minne, adai mkataba wa maandishi, nami nitaongozana naye hadi ofisi ya afisa wa kazi. Wakimfukuza kwa kudai, atarudi dukani tutafute pengine.

Msomaji, Walukuba, Jinja