Kwangu kinafanya kazi, kwa mwenzangu kinakataa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika kifurushi cha Python cha kusahihisha tahajia ya Kiswahili, nikakiita tahajia. Orodha ya maneno naisoma kwa open("data/maneno.txt"). Kwangu hakina shida. Mwenzangu amekisakinisha kwa pip (chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python), kinampa FileNotFoundError, yaani faili halikupatikana. Tumefuta na kusakinisha upya mara tatu. Je, kompyuta yake ni mbovu?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Kompyuta ya mwenzako ni nzima. Yako ndiyo inayokuficha makosa mawili.

La kwanza ni njia ya faili. "data/maneno.txt" haihesabiwi kuanzia pale programu ilipo, bali kuanzia folda aliyomo mtumiaji wakati anaiendesha. Wewe unaiendesha ukiwa ndani ya folda ya mradi, kwa hiyo kila siku inapatikana. Nenda kwenye folda nyingine yoyote ujaribu. Itakukatalia hata wewe. Hamishia maneno.txt ndani ya folda ya kifurushi, penye __init__.py, kisha lisome kwa files("tahajia").joinpath("maneno.txt"). Hiyo files inatoka importlib.resources, ipo tangu Python 3.9.

La pili, na hili ndilo linalowatesa wengi: faili lenyewe halikusafiri. Setuptools, chombo kinachojenga kifurushi chako, hubeba mafaili ya .py, ya data lazima uyataje. Katika pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi, chini ya [tool.setuptools.package-data], andika tahajia = ["*.txt"]. Jenga upya, ongeza namba ya toleo, halafu chungulia ndani ya faili la .whl, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa. Ni zipu ya kawaida tu: python -m zipfile -l ikifuatiwa na jina la faili hilo itakuorodheshea kila kilichomo. Usimtumie mtu kabla hujaliona maneno.txt kwa macho yako.

Unapojaribu, tafadhali usitumie pip install -e. Hiyo inasoma folda yako ileile ya mradi, hivyo kosa la pili halitaonekana.

Kagua pia herufi kubwa na ndogo. Niliwahi kukesha usiku mzima kwa sababu faili liliitwa Mikoa.csv na mimi nimeandika mikoa.csv. Windows ililifungua bila neno. Seva ya Linux ikakataa, na wateja walikuwa wanasubiri asubuhi. Tangu hapo majina yote ya mafaili yangu ni herufi ndogo, bila nafasi katikati.